Vidole Viwili Hadi Itebero

Darasa letu la Mushaki, huko milimani, lilinuka maziwa. Nusu yetu tulitoka kukamua kabla ya kengele, na hata ukinawa vipi, harufu ile ilibaki mikononi, ikaingia kwenye daftari na kuchanganyika na vumbi la chaki. Watoto wa wakulima walitutania kwamba vitabu vyetu vitaganda, nasi tukawajibu kwamba vyao vitaota maharagwe. Utani ulikoma Mwalimu Bahati alipoanza jiografia. Alichora wilaya za Masisi na Walikale ubaoni bila kutazama kitabu, na mbali, upande wa magharibi, akaweka nukta ndogo: Itebero, kwao. Alituambia kwamba mama yake yuko huko, mzee, mgonjwa, na kwamba ametuma ujumbe: kabla hajafa angependa kuonja maziwa ya milimani ambayo mwanawe humsifia kila akienda.

Nilikuwa na miaka kumi, na nilimpenda mwalimu yule kuliko nilivyoipenda shule. Nikasogea ubaoni, nikapima kwa vidole. Mushaki hadi Itebero, vidole viwili tu! Kesho yake mwalimu angesafiri kwa likizo ya Pasaka, kwa hiyo jioni nikamwomba mama bidoni ndogo, dumu la plastiki, ya maziwa, nikamweleza nilivyopima ramani.

“Mutoto wangu,” mama alicheka, “maziwa haisomake karte. Inaangaliaka jua.”

Nilinuna mpaka akanipa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwalimu aliipokea bidoni kwa mikono miwili, akashukuru, akaifunga nyuma ya pikipiki. Leo najua kwamba naye alijua hayatafika.

Aliporudi aliniita pembeni. “Mupaka muji ya Masisi ilikuwa muzuri. Kisha matope ikatushinda, tukatembea na miguu siku mingi, maziwa ikaharibika. Lakini mama nilimwambia jina yako.”

Nililia kwa aibu, na zaidi kwa ajili ya bibi yule ambaye alikuwa amengoja. Mama hakunikemea. Aligandisha maziwa, akayakamua kwa kitambaa, akatengeneza jibini la duara na kuliweka kwenye ubao, akanipa kazi ya kuligeuza kila asubuhi hadi likauke na kukomaa, lisiharibike njiani. Wiki zile zilinichosha, maana mtoto hana subira na kitu kisichocheza. Likizo kubwa ilipofika, jibini likaondoka limefungwa katika kitenge cha mama, na safari hiyo likafika. Mwalimu alisema bibi alilimumunya kidogo kidogo, siku tatu, akikataa kumgawia mtu. Kitenge kilirudi kimefunga chupa ya mafuta ya mawese, na harufu yake haikutoka hata kwa sabuni.

Sasa mimi ndiye ninayefundisha jiografia hapo hapo Mushaki. Kila mwaka wanafunzi hupima kwa vidole, kisha nawauliza, “Maziwa itafika?” Watoto wa wafugaji ndio wa kwanza kutikisa kichwa. Ubao ni mpya, na simu yangu hunionyesha kila kijito cha Walikale, jambo ambalo Mwalimu Bahati angelifurahia. Yeye alistaafu akarudi kwao, na sasa ni zamu yake kuwa mzee na mgonjwa. Alinitumia ujumbe kwamba anatamani jibini la Mushaki. Nimelitengeneza. Nimeligeuza kila asubuhi, miezi mitatu sasa, maana vita vimefunga barabara na hakuna dereva wa pikipiki anayekubali kwenda. Wahenga walisema penye nia pana njia. Nia ninayo, jibini limekomaa, na kwenye ramani bado ni vidole viwili.