Phelista na Mlango wa Stoo

"Toka hapo mlangoni, Mama Rosaline, kabla sijasahau kama wewe ni shemeji yangu!"

"Sahau tu. Hata marehemu ndugu yako alikuwa anasahau, mpaka nikamkumbusha na huu mwiko."

Aliyetisha ni Wabwile, mwanawe ametoka tu kufanya mtihani wa kidato cha nne. Mkono mmoja jiwe, mwingine kibiriti. Aliyejibu ni Phelista, mpishi wa shule yetu ya kutwa huku Saboti, mgongo wake umeziba mlango wa stoo ya mahindi mle jikoni. Na ndani ya stoo, kati ya magunia, alijificha Mwalimu Kimaiyo, mkuu wa shule, shati limechanika mpaka kiunoni.

Matokeo yalikuwa yametoka asubuhi hiyo. Bungoma watu walikuwa wanachinja ng'ombe na kubeba walimu mabegani. Sisi tulipata D, tena D iliyokonda, na kwa kemia karibu darasa zima E. Sasa kwetu matokeo kama hayo yana desturi yake: lango linafungwa kwa mnyororo, wazazi wanakata matawi, mwalimu mkuu anaimbiwa na kusindikizwa mpaka barabara ya Kitale, na ashukuru akifika na viatu. Lakini siku hiyo watu hawakutaka kusindikiza. Naibu wake alishapigwa na mguu wa dawati, akatupwa kwa shimo la takataka, akitema meno kama mtu anayekula mahindi ya kuchoma.

Phelista mnamjua. Alizaliwa juu Kapsokwony, kule hata mbuzi huteremka wakishika breki. Siku alipoletwa kwetu kuolewa, fahali wa baba mkwe alikata kamba akavamia wageni. Bibi harusi akavua viatu, akamshika fahali pembe, akamlaza chini, halafu akamwomba msamaha. Anayebisha akamuulize fahali. Mumewe alipofariki, akachukua kazi ya sufuria pale shuleni ili Rosaline asome, na mwaka huu Rosaline anaingia kidato cha nne. Mwalimu akiuawa, serikali itafunga shule, na msichana ataenda kufulia watu nguo Kitale. Ndiyo maana mlango ule haukuwa mlango tu.

Wabwile akarusha jiwe. Likampasua Phelista juu ya jicho, damu ikashuka mpaka kwa aproni. Hakujipangusa. Alichota kwa kata maji yaliyokuwa yanachemka kwa sufuria kando yake, akayamwaga: Mukhisa, mzazi mwingine aliyekuwa anakuja na rungu, akapiga nduru, ngozi ya mkono ikiinuka kama ya maziwa. Mwingine akaingiza mkono kumvuta Phelista nguo; mwiko ukashuka, mfupa ukalia *kwa!*

"Huyo mwizi amekula pesa ya maabara!" Wabwile akafoka. "Watoto wameona asidi kwa picha tu, bana!"

"Imeliwa, ndiyo. Imeliwa na mtoto wako! Sahani mbili, na anarudi kuramba sufuria."

"Ati nini?"

"Si kila mzazi huleta mahindi ya chakula cha mchana akivuna? Mwaka jana bei ikapanda Kitale, mkauza yote, mpaka ya mbegu. Ulileta hata mkebe mmoja wa gorogoro, Wabwile? Pesa ya serikali nayo ikaja nusu, tena imechelewa. Watoto wakawa wanaanguka kwa gwaride kama kuku wenye ugonjwa wa kideri. Mimi ndiye nilimwambia mwalimu anunue mahindi na hiyo pesa ya maabara. Hiyo kemia mnayolilia niliipika mimi, na mkajamba nayo kwenu!"

Mtu mmoja akacheka, akapigwa kofi na jirani yake. Nangila, mjane mwenye watoto watatu pale shuleni, akasukuma watu akaingia.

"Kumbe hayo magunia ni chakula ya watoto? Na wewe Wabwile unataka kuchoma?"

"Nyamaza, mama!" Wabwile akampiga ngumi ya mdomo.

Nangila akanyamaza kweli, maana meno yake yalikuwa yameshapata kazi: aling'ata sikio la Wabwile mpaka kipande kikatoka. Kuku wa shule akakimeza, na tangu siku hiyo kuku huyo husikia mvua ikiwa bado iko Uganda. Wanawake wakamrukia Mukhisa, waume wakawarukia wanawake, matawi ya kumsindikiza mwalimu yakawa fimbo za kuchapana wazazi kwa wazazi, na uji wa walimu ukamwagika juu ya vichwa.

Katikati ya fujo, Wabwile, shingo imejaa damu, akapokea chupa ya petroli kutoka kwa mtu wa bodaboda. Akaimwaga yote mlangoni, na kwa miguu ya Phelista.

"Sogea, shemeji."

"Washa. Uanze na mimi, halafu umwambie Rosaline."

"Kimaiyo!" akaita juu ya kichwa cha Phelista. "Toka, ama uive na hayo mahindi! Nikihesabu..."

Akawasha njiti.

Nyuma ya Phelista komeo likalia. Mlango ukafunguka kwa ndani, akakosa pa kuegemea, na Mwalimu Kimaiyo akaingia jikoni, mweupe kwa vumbi la mahindi toka nywele mpaka vidole, mikono imeinuliwa juu, akijisalimisha kabla njiti haijaanguka.