Mgongo wa Bango

Bango la kwanza walilikata kwa kisu mbele ya macho yake. Walinzi wawili wa uwanja wa nyumbani, vijana waliovaa fulana za klabu ileile aliyoipenda tangu hajajua kufunga viatu, walikata kamba kwanza, kisha wakapasua kitambaa katikati ya neno, kama watu wanaochana godoro kutafuta kunguni. Bi Pindo hakupiga kelele. Aliwaambia tu kwamba mafundo yake hufunguka kwa kuvuta ncha moja, sasa kisu kilikuwa cha nini? Mmoja akamjibu kwamba ni amri ya wakubwa na asiwatie matatani. Bi Pindo akaokota vipande, akavikunja vizuri kama nguo za maiti, akarudi navyo nyumbani huku mechi ikiendelea nyuma yake.

Jina la Bi Pindo alipewa na mtaa. Akiona suruali ya mtu imeachia pindo, hata kama ni mgeni aliyekuja kuuliza njia, humsimamisha mlangoni na kumshonea akiwa ameivaa, akimwonya asitikisike maana sindano haina udugu. Kazi yake ni kushona foronya za magodoro katika chumba kilicho nyuma ya duka. Chumba chenyewe ni chembamba, kimejaa vumbi la sufi, na cherehani ya miguu imewekwa mlangoni kufuata mwanga. Kila ikikaribia mechi ya ugenini, meza hutolewa barazani, sakafu inapigwa deki, na bango linatandazwa kuanzia ukuta hadi ukuta. Yeye hutambaa juu yake kwa magoti, pini zimejaa midomoni, kwa hiyo anayetaka kumsalimu siku hizo huitikiwa kwa mguno.

Hapaki rangi. Rangi, husema, hupasuka kwenye mikunjo, na ikifika mechi ya tatu neno lako limekuwa upele. Yeye hukata herufi za kitambaa, akazishikiza kwa mishono mirefu, kisha akazizungushia uzi mnene ukingoni. Mwisho huweka bitana nzito kwa nyuma, ili jua lisipenye na kuwaonyesha watu herufi zimegeuka. Kwa mabango hayo wanachama wa tawi lake la mashabiki walivuka mipaka mara nyingi, na popote walipokwenda watu walipiga picha kazi yake bila kuuliza nani kaishona.

Bango lililokatwa lilikuwa la kumtetea shemeji yake. Mdogo wake Bi Pindo ameolewa na kipa wa klabu hiyo, ambaye mashabiki walimwita Komeo kwa jinsi alivyokuwa akifunga mlango. Msimu uliopita, dakika za mwisho za mechi ambayo ingewatoa mashindanoni, Komeo aliruka kwenye miguu ya mshambuliaji, akaudaka mpira, na mguu wake ukavunjika chini ya goti. Alibebwa akiwa bado ameukumbatia mpira. Siku hiyo viongozi walilia mbele ya kamera. Waliahidi hospitali nzuri, daktari bingwa, kila kitu. Mkataba wake ulipokwisha, yeye akiwa bado na plasta, simu zake zikaacha kupokelewa. Walimtupa jongoo na mti wake.

Mfupa uliunga vibaya. Daktari alisema lazima uvunjwe upya na kuwekewa chuma, na kwamba kila mwezi unaopita unamla mtu yule hatua zake. Mtu aliyekuwa akiruka kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine sasa alikwenda msalani ameshika ukuta. Bi Pindo alikwenda ofisi za klabu, akakalishwa chini ya kabati la vikombe, na vikombe viwili kati ya hivyo vililetwa na mikono ya shemeji yake. Akaambiwa suala linashughulikiwa. Alirudi tena, suala likawa bado linashughulikiwa, na safari ya tatu hata kiti hakupewa. Ndipo aliposhona lile bango lililoishia kwenye kisu.

Baada ya hapo wengi walidhani amenywea. Mwenyekiti wa tawi, ambaye pia ni mjumbe wa kamati ya klabu na hujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, alimfuata dukani. Timu ilikuwa inakwenda nchi ya mbali kucheza nusu fainali. Alitaka bango kubwa kuliko yote, la umoja na mapenzi, na yale mengine, dada, tuyaache, hasira ni hasara. Bi Pindo akasema sawa. Aliitika upesi mno, na mtu mwenye akili angeshtuka, lakini Mwenyekiti alikuwa amezoea kuitikiwa.

Jioni hiyo alikwenda kwa shemeji yake. Komeo alikuwa kitandani, mguu juu ya mito, anatazama dari. Bi Pindo akamweleza alichokusudia, akamwambia kwamba bila ruhusa yake hatashona hata nukta. Komeo alirudisha macho darini. Aibu ya mwanamume aliyewahi kushangiliwa na uwanja mzima ni nzito kuliko plasta.

"Shemeji, usije ukanifanya ombaomba."

"Ombaomba huomba cha mtu," Bi Pindo akamwambia. "Wewe unadai chako."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, aliinamisha uso kwenye nguo. Komeo akapangusa macho kwa kiganja, kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu msimu uliopita. "Herufi ziwe kubwa basi. Wale wazee wa kamati hawaoni mbali."

Mwenyekiti alikuja kukagua kazi kabla ya safari. Alitembea juu ya bango na viatu vyake. Bi Pindo alizitazama zile soli zikikanyaga kitambaa alichokitambalia kwa magoti. Bango lilisema TUPO NANYI POPOTE MWENDAPO, rangi za klabu, ukingo wa dhahabu. Mwenyekiti alilisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, akasifu, akauliza kama limekwisha. Akajibiwa limebaki kutiwa bitana. Akasema haya, tia, akaenda zake.

Na bitana ikatiwa. Juu ya bitana hiyo, upande wa nyuma ambao hulala kwenye uzio na hautazamwi na mtu, Bi Pindo alishona herufi nyeupe, kila moja ndefu kama mkono wake: KOMEO ALIVUNJIKIA KAZINI KWENU. MBONA MMEMTUPA? Kisha akalikunja mgongo ukiwa ndani, akalifunga kamba.

Safari ya basi ilikuwa ndefu, ya kulala umekaa na kuamka na shingo ya mwenzako begani. Waliimba mpaka sauti zikakauka, wakafua soksi kwenye sinki za vituo vya mafuta, wakazianika madirishani, basi likaonekana kama nyumba ya yatima. Mpakani afisa wa forodha alitaka mzigo mkubwa ufunguliwe. Mwenyekiti alikuwa amesimama palepale. Bi Pindo alifungua mikunjo miwili ya mbele, mikono ikiwa mikavu kama ya mtu anayefungua dirisha. Afisa akapitisha kiganja chini ya kitambaa, akagusa herufi za mgongoni, akamtazama. Pengine alidhani ni viraka. Akamwashiria afunge.

Ndani ya basi mtu mwingine mmoja tu alijua siri hiyo. Alikuwa mpiga tarumbeta wa tawi, mzee anayeitwa Pafu, ambaye ujanani aliwahi kufanya kazi ya upagazi katika nchi ile na kuijua lugha yake. Bi Pindo alimhitaji kwa sababu bango lile halikugeuzika kwa mikono miwili. Pafu aliposikia alisema kwamba kwa umri wake alikuwa amebakiza kufukuzwa tawini na kufa, na la kwanza lisingemzuia la pili.

Kipindi cha kwanza bango lilitundikwa likiwatazama wachezaji na umoja na mapenzi yake. Bi Pindo alisubiri. Shabiki anajua jambo ambalo hata mjumbe wa kamati husahau: mapumziko yakiisha timu hubadilishana magoli. Kipindi cha pili goli lao lingekuwa mbele ya jukwaa lao, na kila shambulio la wenyeji lingeileta kamera hapohapo. Watu walipotoka kununua maji, yeye na Pafu walivuta ncha za mafundo, wakaligeuza bango, wakalifunga upya.

Mashabiki waliorudi walisimama ngazini. Wakasoma. Wengine walishika midomo. Hakuna aliyesogea kulishusha. Kipa mpya, aliyekuwa msaidizi wa Komeo kwa misimu yote, alikuja golini kwake akikimbia, akainua macho, akasimama. Alivua glavu moja, akaiweka kifuani, akaivaa tena.

Wenyeji walishambulia mfululizo. Kadiri timu ilivyozidiwa ndivyo bango lilivyoonekana, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Bi Pindo hakujua aombe nini. Kona ikafuata kona. Nyumbani, kwenye vibanda vya video na sebule za wakubwa, watu walikuwa wanasoma. Simu ya Mwenyekiti ikaanza kulia. Aliipokea ameinama, akajibu ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, kisha akageuka kuangalia uzio, na rangi ikamtoka.

Alimwendea mlinzi wa jukwaa, mwanamke mrefu wa nchi ile, akamwonyesha kwa ishara kwamba kile kitambaa kishushwe. Mlinzi akakikagua. Alipima upana kwa macho, akavuta mafundo, akahakikisha hakizibi njia. Kisha akamwita Pafu, ambaye alikuwa amemsikia akiongea lugha yao, akamwambia jambo. Pafu akageuka.

"Mwenyekiti, anasema kila kitu kiko sawa. Kama kuna ubaya, ubaya uko kwenye maneno, na yeye hayajui. Anataka wewe umsomee. Neno moja baada ya jingine, mimi nitafsiri."

Mwenyekiti alisema ni matusi. Pafu akatafsiri. Mlinzi akanyoosha kidole kwenye neno la kwanza, akauliza tusi hili maana yake nini.

Ni jina la mtu, ilibidi ajibiwe. Akasogeza kidole. Na la pili?

Basi lote lilikuwa limesimama nyuma yake, watu waliolala naye mabega kwa mabega njia nzima, kila mmoja anajua kusoma. Mwenyekiti alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa hotuba, hakuwahi kupungukiwa neno, lakini maneno matano yaliyobaki yalimshinda. Kulishusha bango ilibidi kwanza alitamke, na kulitamka ilikuwa kulikiri. Alirudi kitini. Mlinzi akainua mabega, akaondoka. Timu ilifungwa bao moja, na bango likabaki pale mpaka mwisho.

Pesa ambazo hazikuwapo msimu mzima zilipatikana kabla basi halijafika nyumbani. Komeo alilazwa, mfupa ukavunjwa upya, chuma kikawekwa. Mguu ulinyooka. Lakini daktari alisema wazi kwamba wamechelewa: atatembea, atapanda ngazi, hatadaka tena. Redioni msemaji wa klabu alisema klabu ni familia na haijawahi kumwacha mtoto wake. Tawi nalo likakutana na kumfuta Bi Pindo uanachama kwa kuchafua jina la klabu ugenini. Pafu alifutwa siku hiyohiyo, akashukuru kwa kupiga tarumbeta mlangoni pa mkutano.

Haikupita muda Mwenyekiti akaja tena katika chumba cha foronya, akasimama nje ya kizingiti. Alikuwa mpole. Alisema yaliyopita si ndwele, na uanachama unaweza kuzungumzika. Ombi lilikuwa dogo: bango la kutundika juu ya kitanda cha mgonjwa, kwa sababu wapiga picha wanakuja hospitali pamoja na uongozi. Liandikwe ASANTE VIONGOZI WETU.

Bi Pindo alitoa pini midomoni, moja moja, akazichoma kwenye mkono wa blauzi yake.

"Mtu akirudishiwa chake hasemi asante, Mwenyekiti. Huambiwa samahani. Mkitaka hilo, waambie wenzako, naanza kukata herufi sasa hivi. Na mlishike ninyi, yeye alale."

Mwenyekiti akasema atalifikisha kwenye kikao. Mpaka leo hajaleta jibu. Picha zilipigwa bila bango lolote, na Komeo amegeukia ukuta.