Askari wa Msitu na Jiwe la Mpaka

Kila Jumatatu asubuhi, nyuma ya shamba la mjane Mwalimu Mwihaki huko Waithaka, askari wa msitu hupiga magoti na kung'oa nyasi zinazolifunika jiwe la mpaka. Mikono yake ni mipana, kucha zimejaa udongo, na sauti yake ni ya chini kama ya mtu aliye kanisani.

"Leo hukuchelewa," mjane humtania.

"Nikichelewa, mwalimu, majirani watasema marehemu mumeo aliwaachia ardhi ya kunyakua."

Kisha hugonga jiwe mara mbili kwa vifundo vya vidole na kwenda zake.

Siku wabunge walipopigia kura fedha za walinzi wa misitu, ambazo baadhi walitaka zifutwe na kituo cha askari huyu kifungwe, wawili hao waliketi pamoja kwenye roshani ya wageni, mahali ambapo kupiga makofi ni marufuku. Spika alitangaza kwamba fedha zimepita kwa tofauti ya kura nne. Askari akainua mikono, akakumbuka, akaikalia. Mwalimu Mwihaki, ambaye hajawahi kukosa adabu hadharani, akaugonga ubao wa kiti mara mbili.