Mama Mkanda na abiria aliyekataa kubebwa

Jua halijachomoza, na Mama Mkanda yuko kwenye cherehani. Turubai nene la bluu linapita taratibu chini ya sindano. Kando yake kuna redio ya kuwasiliana na boti, na ukutani limebandikwa jedwali la kujaa na kupwa kwa maji.

Nje, mumewe, ambaye ni nahodha, anapakia barafu na mishipi. Wageni wanne wanafika gatini wakipiga miayo. Leo wanakwenda kuvua kwa mchezo tu: samaki mkubwa ananaswa, anapigwa picha, anaachiwa.

“Samaki anachoka, mtu anachoka, kisha kila mmoja anarudi kwao,” anasema Mama Mkanda bila kuinua macho.

Safari yote ameipanga yeye, kuanzia siku ya kung'oa nanga hadi chambo na kofia za akiba. Lakini haendi. Akipanda boti, tumbo nalo linapanda, kwa hiyo yeye na bahari wanaheshimiana kwa mbali.

Zamani alikuwa akishona mahema ya boti na kuvalisha magodoro. Mumewe aliijua bahari, ila simu zilimshinda. Aliwahi kuahidi makundi mawili siku moja, wageni wakakutana gatini na kutazamana kama wake wenza. Tangu siku hiyo simu ikahamia kwa mke.

Mwaka jana ikalia simu ya dereva mstaafu wa treni. Ajali ya kazini ilikuwa imemwacha bila nguvu miguuni, na boti zote alizozipigia zilimkatalia kwa adabu. Alitaka kupambana na sulisuli, yule samaki mwenye pezi kama tanga na mdomo kama mkuki.

Alikuwa na sharti moja: asibebwe. Tangu ajali ile alikuwa amebebwa na watu wema mpaka akachoshwa na wema wenyewe.

Nahodha alikataa. Mume na mke walibishana hadi chai ikapoa. Mume alisema samaki mwenye uzito wa mtu mzima akivuta, atamng'oa mzee wa watu kwenye kiti na kumtosa majini.

“Hofu yake ilikuwa ya kweli,” anakiri mkewe. “Nikamwambia, baba, hiyo si sababu ya kumkataa mtu. Hiyo ni kazi ya kushona.”

Akamwita mteja ofisini. Mzee alikuja na binti yake, akapimwa mabega, kifua na kiuno, naye akauliza kama suti hiyo itakuja na tai yake.

Kilichotoka kwenye cherehani ni mkanda wa turubai la tabaka tatu, uliofungwa kwenye kiti cha kuvulia kilichokazwa kwa boliti sitahani. Nahodha alijifunga yeye kwanza, akaamuru mabaharia wake wawili wamvute kwa kamba. Walivuta mpaka wakaketi chini, naye hakutikisika. Ndipo watu wa gatini wakaanza kumwita mkewe Mama Mkanda.

Ikabaki kazi ya kupanda. Gati lile limeinuka juu, na maji yakipwa sitaha inakuwa chini sana. Lakini wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, sitaha hulingana na gati. Mama Mkanda akachagua siku ambayo maji yangejaa alfajiri na kujaa tena jioni. Mzee akajisukuma kwenye ubao kwa kiti chake cha magurudumu, akaingia botini kama anayeingia sebuleni kwake.

Kutwa nzima hawakupata kitu. Walikuwa wameshageuza boti kurudi, ndipo mshipi ukachomoka kwa kelele na sulisuli akaruka juu ya maji.

Nahodha akaita kwenye redio. Wakipambana na samaki huyo, alisema, watayakosa maji ya jioni, na mzee atalazimika kubebwa. Mama Mkanda alilitazama jedwali, akajibu kwamba aulizwe mwenye samaki.

Sauti iliyofuata redioni ilikuwa ya mzee mwenyewe.

“Mama, maisha yangu yote nimefika stesheni kwa wakati. Leo nicheleweshe.”

Binti, aliyekuwa naye botini, anasimulia kwamba mkanda ulilia kama mlango wa zamani, lakini haukuachia. Sulisuli alizama, akaibuka, akazama tena. Baba alivuta na kulegeza, jasho likimtiririka, akimkataza kila aliyemkaribia. Mwishowe samaki alifika ubavuni mwa boti, aking'aa kwa rangi ya bluu. Mzee akaliinamia pezi lile, akaligusa, akaomba samaki aachiwe. Kisha akalia, na binti akamwacha alie.

Waliporudi, maji yalikuwa yameanza kupwa na gati lilikuwa juu yao. Wanaume wakainama ili wamnyanyue. Mama Mkanda akawazuia, akaagiza ubao wa pili, mrefu kuliko ule wa asubuhi.

“Mpango usio na mlango wa nyuma si mpango, ni matumaini,” anasema.

Mkanda ukafungwa kwenye kiti cha magurudumu, nahodha akashika ncha yake akiwa juu gatini. Kazi yake ilikuwa moja, kuzuia kiti kisirudi nyuma. Mzee akasukuma, akapumzika, akasukuma tena. Magurudumu ya mbele yalipogusa saruji, gati likalipuka kwa makofi.

Nahodha alimgeukia mkewe, akamwambia kwamba wengine wa namna hiyo wakipiga simu, asimuulize yeye.

Nao wamepiga. Wamekuja mwalimu asiyeona, mama aliyekatwa mkono, na kijana ambaye mgongo wake haunyooki. Manahodha wengine pia wanaleta viti vipimwe. Hata mkanda unaoshonwa asubuhi hii ni wa boti ya mshindani wao. Mumewe hunung'unika kidogo, lakini yeye humwambia kwamba bahari haijai wavuvi.

Sasa anataka gati linaloelea, litakalopanda na kushuka pamoja na maji, ili mtu aondoke saa yoyote na kurudi saa yoyote. Wenye boti wamekubali kulijenga pamoja, na mbao za kwanza zimeshafika.

“Likikamilika,” anasema, akikata uzi kwa meno, “mteja akipiga simu nitamuuliza neno moja tu: unamtaka samaki gani?”