Laptop yangu ilivyopiga singeli katikati ya sala

Leo singeli imepigwa katikati ya sala kanisani kwetu Kisarawe, na DJ nilikuwa mimi.

Mnajua ninavyoringa na hii laptop. Si MacBook, ila nimeilazimishia macOS, na stika ya tufaa nimebandika.

Basi leo kwenye mazoezi ya kwaya kwa ajili ya Jumapili ya mavuno mimi ndiye wa kupiga biti.
Laptop naiweka sakafuni kando ya spika, nachomeka waya. Kimya.
Nazima, nawasha. Kimya.
Nikahisi biti ndiyo mbovu, nikaweka singeli, sauti nikapandisha mpaka mwisho.
Kimya.

Mama Neema, mwenyekiti wetu, akachoka. "Acha mwanangu, tufunge kwa sala."

Tukafumba macho. Singeli nimesahau kuizima. Nikaanza kuchomoa waya polepole.

Ulipofika nusu, laptop ikaikubali spika.

Kanisa zima likatikisika. Bibi mmoja wa sauti ya kwanza mabega yakaanza kwenda, macho bado kafumba.

Mama Neema akanidaka mkono. "Usiuachie huo waya. Hapo hapo ulipo, weka biti yetu."

Mafundi, mwenye driva ya sauti ya hii macOS ya kulazimisha aniokoe.

La sivyo, Jumapili ya mavuno mkiniona nimepiga magoti ibada nzima, msidhani nimeokoka. Nimeshika waya.