Faili la Mengineyo

Miaka minane nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali mjini Kisumu, na kwa muda huo wote nilikuwa na mgeni mmoja tu wa kwangu. Alikuwa mama mzee kutoka Asembo Bay, muuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Kila mwisho wa mwezi alikuja kuniuliza swali lile lile: barua yake imejibiwa?

Nilihamishiwa Kisumu kutoka Nyeri katikati ya miaka ya themanini, msichana mwenye sanduku moja na ulimi mkali. Nilipanga chumba Nyalenda. Wenzangu pale bombani hawakunitendea ubaya wowote. Walipiga soga kwa Kijaluo, wakacheka, wakanisogezea ndoo yangu zamu yangu ilipofika, nami nikabeba maji yangu bila kujua walichokuwa wakicheka. Jumapili ndiyo ilikuwa siku mbaya zaidi. Baada ya kanisa nilifua nguo ambazo nilikuwa nimeshazifua Jumatano.

Kazini, angalau, nilikuwa mtu. Masijala ilikuwa na makabati ya chuma kutoka mlangoni hadi dirishani, na mimi ndiye niliyejua kila karatasi imelala wapi. Watu walikuja kutafuta kumbukumbu: cheti cha mtoto, barua ya uhamisho, majibu ya malalamiko ya shamba. Wakubwa walipenda kuwaambia haraka haraka haina baraka, na kwa kweli baraka zetu zilikuwa nyingi sana, maana ombi moja lingeweza kuzunguka mwaka mzima.

Nilikuwa na sheria zangu. Kila ombi lilipewa namba, na kila jibu lilipaswa kuitaja namba ile. Jibu lisiloitaja sikulihangaikia. Nililigonga muhuri, nikatia saini yangu fupi pembeni, nikalitupia katika faili nene lililoandikwa Mengineyo, kwenye kabati lililokuwa nyuma ya kiti changu. Makarani waliokuja baada yangu niliwafundisha hivyo hivyo. Niliwaambia masijala si mahali pa huruma; anayetaka jibu lake lionekane aandike namba.

Mama wa Asembo alikuja mara ya kwanza na barua ya chifu wake. Mwanawe wa kwanza alikwenda Bonde la Ufa kutafuta kazi, akaacha kuandika, kisha mtu mmoja aliyerudi kutoka huko akasema alimwona akipelekwa hospitali, hajiwezi. Basi. Mama alitaka serikali iulize hospitali za huko kama mwanawe alifia kwao.

"Nyumbani wananiambia nizike yago," alinieleza siku hiyo. Alipoona sielewi akacheka kidogo. "Nyara, wewe hujui? Mtu akipotea kwa maji, au mbali huko, na mwili haipatikani, tunachukua ile tunda kubwa ya yago tunazika kama yeye. Tunalia, inaisha. Lakini kama yeye iko hai? Mimi nimzike na yeye anatembea? Hapana. Nataka kujua kwanza."

Nikaijua nyara baadaye: binti yangu. Hakuna mtu mwingine katika mji ule aliyeniita hivyo.

Barua zilipelekwa. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Mama akawa anakuja na omena zake zimefungwa kwenye gazeti, anakaa kwenye kiti cha mbao kando ya meza yangu, nami namtilia chai ya ofisi katika kikombe changu mwenyewe. Alinifundisha kuosha omena hadi uchungu utoke. Aliniuliza kwa nini siolewi, nikamwambia nimezuiwa na kazi, akasema kazi haijawahi kumzuia mtu kuolewa, labda ni mdomo. Nilicheka hadi bosi akachungulia. Akiondoka nilimwambia maneno yale yale: "Ngoja, Mama. Jibu litakuja. Usizike kitu bado."

Naye hakuzika. Nyumbani kwake ndugu walikuwa wamechoka kumngoja, lakini aliwajibu kwamba ofisi imesema bado. Mimi ndiye nilikuwa ofisi.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema kwa miaka mingi. Sikuwahi kuinuka kwenye kiti changu nikalitafuta jibu lile kwa dhati. Niliangalia faili lake lenye namba, nikaona halina kitu kipya, nikalifunga. Sikuficha chochote, sikujua kama kuna cha kuficha. Lakini mwisho wa mwezi ulipokaribia nilinunua sukari ya ziada, na moyoni sikuwa na haraka yoyote.

Kompyuta ikaja katika miaka ya tisini, ikiwa imefunikwa kitambaa kama maiti. Wakubwa walisema itamaliza foleni: kila barua inayoingia na kutoka iandikwe humo, jina la mhusika, jambo, tarehe, ili ombi litafutwe kwa jina na si kwa namba peke yake. Nilinuna wiki nzima. Niliona wamenivua nguo mbele za watu. Kisha nikajifunza, kwa sababu sipendi kushindwa na kitu kisicho na mdomo, na kwa miezi nikaingiza kabati baada ya kabati. Faili la Mengineyo niliwaachia vijana wa mafunzo, kwa kuwa nililiona la takataka.

Mwisho wa mwezi mmoja Mama alikuja, akakaa, akanywa chai. Nikataka kumfurahisha. Nikamwambia, "Njoo uone mzungu wangu mpya anavyofanya kazi. Nipe jina la mtoto." Jina nililijua vizuri, lakini alilisema lote, polepole, kwa heshima, na mimi nikaliandika na kubonyeza.

Mistari miwili ikatokea. Wa kwanza ulikuwa ombi lake. Wa pili ulikuwa jibu kutoka hospitali moja ya wilaya, lililopokelewa miezi minne tu baada ya ombi. Mahali lilipo: Mengineyo.

"Imesema nini?" Mama aliuliza. Hakujua kusoma.

"Bado inatafuta, Mama," nikasema. "Njoo mwisho wa mwezi."

Akanishukuru. Alipotoka niligeuka bila hata kusimama, nikavuta droo. Barua ilikuwa na kurasa mbili. Alikuwa amefariki wodini, mwili ukakaa bila kudaiwa, manispaa ikamzika, na sehemu ya makaburi ilikuwa imeelezwa vizuri kabisa. Hawakutaja namba yetu. Pembeni palikuwa na muhuri, na chini ya muhuri saini yangu fupi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa yule mama kwa miaka sita.

Ningeweza kugonga muhuri mpya wenye tarehe ya siku hiyo, ionekane barua ndiyo kwanza imefika. Muhuri ulikuwa mezani pangu, na hakuna ambaye angeuliza. Nililifikiria jambo hilo siku mbili nzima, sitajisafisha. Jumamosi asubuhi nilikwenda Asembo Bay.

Nilimkuta uani akigeuza omena juani kwenye nyavu kuukuu. Alifurahi mno kuniona, akaita watu, akaagiza kuku ashikwe. Nikamwomba asishike kuku. Nikamsomea barua kwa Kiswahili, nikasema tarehe yake, na nikasema ni mimi niliyeiweka mahali pasipo pake. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Nilitamani anitukane.

Alikaa chini pale pale kando ya nyavu.

"Hiyo miaka yote nilikuwa nakuja," alisema, "hiyo karatasi ilikuwa hapo tu? Nyuma ya kiti yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulikuwa unanipatia chai."

"Ndiyo."

Akaanza kulia, si kwa sauti ya kwanza ya msiba bali kama mtu aliyechelewa na anajaribu kufika. Wanawake wakakimbia kutoka nyumba za jirani. Hakuna aliyenifukuza. Mkwewe alinisindikiza hadi barabarani, akasimama nami hadi nilipopata gari la kurudi. Baadaye nilisikia kwamba mwanawe mdogo alisafiri, akalikuta kaburi, na kwamba wenyewe walifanya yanayotakiwa.

Mwisho wa mwezi uliofuata hakuja. Nilikuwa nimenunua sukari, kwa mazoea.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko zamani. Nilimwaga faili zima la Mengineyo juu ya meza na kulipitia mwenyewe, karatasi kwa karatasi, nikakuta majibu ya watu wengi walioacha kuuliza. Maombi yaliyokuwa yakichukua mwaka yakawa yanachukua siku. Wakubwa walinisifu katika mkutano. Watu walikuja mara moja, wakapata walichotaka, wakaenda, na sikukumbuka sura ya hata mmoja.

Kisha siku moja akaingia mwanamke kijana kutoka Asembo, anatafuta cheti cha mtoto wake. Nilimwonyesha kiti cha mbao. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama anamfahamu Mama, nikamweleza ni yupi. Akasema ni jirani yake, yuko mzima.

"Kaa basi, nikutilie chai."

"Hapana, madam, asante," alisema, akiangalia chini kwa aibu. "Yeye ndiye aliniambia. Alisema nikifika kwa ile mama ya mafaili nisikae. Ati ukikaa, watakuzoea."

Niliandika jina la mtoto, nikabonyeza, nikampa karatasi yake kabla hajaegemea meza.