Mshahara Ndani ya Halmashauri

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Nzuguni kumsaidia mke wangu aliyejifungua kwa kupasuliwa, na kwa wiki tatu nzima tuliishi nyumba moja bila kuonana uso. Wala hatukuwa na ugomvi. Kwetu Ugogoni mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, hawapigi soga. Mama huyu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kule Mpwapwa, hakuwa mtu wa kulegeza desturi kwa sababu tu ya uhaba wa vyumba. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Nikitoka kazini nilikohoa getini, nikasubiri nisikie mlango wake ukifungwa, ndipo niingie. Yeye akitaka kwenda jikoni alikohoa, nami nikakimbilia chumbani. Jirani alimwuliza mke wangu kama tumeshapimwa mapafu.

Jumatatu ya wiki ya nne alimwambia binti yake kwamba Jumamosi anaondoka.

"Nyumba haina kona ya kumfichia mkwe," alisema. "Mwenzio kila siku anakula uani, kando ya tangi la maji. Namtesa bure."

Mke wangu alikuwa bado hawezi kuinua hata ndoo, na mtoto alikuwa wa kubebwa kutwa. Alinifuata huko huko uani machozi yakimtoka. "Fanya unavyojua, mama asiondoke." Nikamwahidi. Ila mtu asiyeruhusiwa hata kumtazama mama mkwe wake atamzuiaje asisafiri?

Jioni ile ile nikiwa sebuleni nilimsikia mama akimchangamsha binti yake kwa mchezo wake wa darasani. Enzi zake, mvua ilipopiga bati hadi sauti ya mwalimu isisikike, aliandika neno refu ubaoni, na watoto wakatafuta maneno mafupi ndani ya herufi zake mpaka mvua ikatike. Sheria ilikuwa moja: herufi iliyomo mara moja huitumii mara mbili. Neno la jioni hiyo lilikuwa mkurugenzi. Mke wangu akataja kumi. Mama akataja kuni na kinu. Mimi ni mtumishi wa umma, neno hilo naliandika kila siku ya Mungu, na uvumilivu ulinishinda.

"Ngumi!" nikapaza sauti. "Rungu! Nzige! Kuzimu!"

Sauti ikatoka nyuma ya mlango: "Mwambie huyo aandike kwenye karatasi. Darasani hatupayuki."

Basi mke wangu akawa tarishi. Yeye akitembea polepole, karatasi zikaenda na kurudi, na muda wa kila neno ulikuwa sufuria moja ya chai kuchemka. Kila herufi alama moja. Mama alisahihisha kwa kalamu nyekundu, maana alisafiri nayo, na chini ya karatasi yangu ya kwanza aliandika: Mwandiko mbaya. Jitahidi. Nina miaka arobaini, lakini nilifurahi kama nimepandishwa cheo.

Mchezo ukanipanda kichwani. Ofisini nikawa sioni barua, naona herufi. Katikati ya kikao niligundua kwamba ndani ya mwenyekiti mna nyeti, nikalazimika kujifanya nimepaliwa na karanga mpaka nikatolewa nje nikapigwe mgongo.

Pia nilikuwa nimepata mbinu. Nilijisemea kwamba mgeni mwenye furaha haondoki, na mwalimu hufurahi akishinda. Kwa hiyo kuanzia Jumanne nilimwachia. Siku neno lilipokuwa maendeleo niliona mende, meno, ndoa na neema, vyote vinanikodolea macho, nikaandika leo peke yake. Akashinda Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Ijumaa nilipokohoa getini na kuingia, nikakuta begi lake limeshafungwa, liko kando ya mlango wa chumba, na mke wangu macho yamemvimba.

"Ametuma neno la kuagana," akasema, akanipa karatasi.

Halmashauri.

Mbinu yote ikanitoka kichwani. Lile neno lilikuwa ghala! Nikaandika hasira, hasara, harusi, mahari, asali, salamu, mkono haushikiki. Halafu nikaliona neno mshahara, herufi nane, limelala mle ndani siku zote hizo. Nilipiga meza. Karatasi ikaenda, chai ikachemka, karatasi ikarudi. Mshahara umepigwa mstari mwekundu, na pembeni pameandikwa: H ni moja tu.

Mtumishi wa umma umkatie vyote, usimkatie mshahara. Sikukohoa. Sikubisha hodi. Nilisukuma mlango nikaingia mzima mzima, karatasi mkononi.

"H hii hapa, ya hal!" nikasema. "Na hii hapa, ya shau! Mbili!"

Ndipo nikaona nilipo. Alikuwa amekaa kitandani na mtoto mapajani, mwanamke mdogo kabisa, miwani imefungwa kwa uzi, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye kilemba. Siku zote nilimfikiria jitu. Mke wangu, nyuma yangu, alijiziba mdomo. Mama akavuta khanga ikamfunika uso mpaka kidevuni, na chini ya khanga ukatoka mkono. Nikaupa karatasi. Tulikiona kidole chake kikitembea juu ya neno, herufi kwa herufi, kikasimama kwenye H ya kwanza, kikaenda, kikasimama tena.

"Mwambie mkwe wangu," khanga ikamwambia mke wangu, "kwamba sijamwona."

"Hajakuona," mke wangu akaniambia, nami niko hatua mbili kutoka pale.

"Na mwambie mshahara ni wake. Leo amenifunga."

Nikaanza kurudi kinyumenyume, kisogo kikagonga fremu ya mlango. Mke wangu akacheka. Alicheka huku ameshika mshono na kulia kwamba unamuuma, na bado akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu hospitali. Khanga nayo ikaanza kutikisika.

Nilipofika sebuleni ndipo sauti ilipotoka tena, safari hii bila tarishi wa kuibeba.

"Siku tatu mtu anajifanya hajui mende! Nikasema basi, hapa mimi ni mgeni, maana mgeni ndiye anayeachiwa. Ndiyo maana nikafunga begi mapema." Nikasikia zipu ikifunguliwa. "Mwambieni alete neno jingine. Na chakula chake akilie ndani, mimi nitageukia ukutani."